Kontrola ya kugredi haipimwi kwa wingi wa vitufe, jamani

Kila nikiposti picha ya meza yangu yenye kontrola, kile kifaa cha mkononi ninachotumia kurekebisha rangi za video, lazima aje mtu na swali lile lile, "kaka hiyo ina vitufe vingapi?", ukimjibu anakuletea linki ya kitu chenye vitufe 32 na taa za kuwakawaka, bei nusu, halafu anauliza si kitu kile kile tu? Hapana. Nimechoka kujibu inbox mmoja mmoja, naandika hapa mara moja.

Tutenganishe kukata video na kugredi, yaani kurekebisha rangi zake. Kwenye kukata vitufe vinasaidia, sibishi, kwa sababu kukata ni amri: simama, kata, futa, sogeza fremu moja. Chochote kinachotuma J, K, L (vitufe vya kuchezesha na kusimamisha video) na shotikati zako kinatosha, hata Pro Micro, kale kabodi kadogo ka elektroniki, uliyoiunga mwenyewe nyumbani, kompyuta inaiona ni kiibodi tu basi. Weka na gurudumu la kusogeza fremu, umemaliza.

Kugredi ndiko watu wanakopotea. Rangi hairekebishwi kwa amri, inarekebishwa kwa kiasi, na hivyo viasi vinavutana. Chukua klipu ya harusi, ukumbi umejaa taa za LED za zambarau, bibi harusi ana ngozi nyeusi na gauni ni jeupe pe. Unashusha Lift (sehemu za giza) vivuli vitulie, ngozi inazama. Unapandisha Gamma (sehemu za kati) ngozi irudi, gauni linapauka. Unabana Gain (sehemu za mwanga), picha nzima imelala. Kwa mausi utazunguka hivyo hivyo, hii, halafu ile, halafu unarudi ya kwanza, na mpaka umalize mizunguko yako jicho limeshazoea zambarau na unaona poa tu. Mwenye paneli, yaani kontrola ya kugredi, anashusha Lift kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unapandisha Gain, wakati huo huo, macho yako kwenye picha na skopu, ile grafu ya mwanga na rangi. Ni kama klachi na mafuta ukiondoa gari mlimani, ukifanya kimoja kwanza halafu kingine, gari inazima.

Hicho ndicho unachokilipia, mikono miwili kwa wakati mmoja. Micro Color Panel ya Blackmagic iliyotoka 2024 ina mipira 3 ya kuzungusha kwa kiganja na nobu 12 za kuzungusha kwa vidole, haina vitufe vya kutisha, na inafanya kazi na programu ya DaVinci Resolve tu, kwa hiyo kama unaediti kwa programu ya Premiere angalia Tangent Ripple, nayo ina mipira mitatu.

Sasa wale wa kutengeneza wenyewe, na nawapenda kweli, ila nisikilizeni hapa. Resolve haisomi MIDI, ile lugha ya vifaa vya muziki, kwa ajili ya magurudumu ya rangi. Kwa hiyo kontrola nyingi za kuunga mwenyewe zinadanganya kwa kutumia mausi: ukizungusha nobu, kifaa kinaruka na kishale mpaka kwenye gurudumu la Gamma, kinabofya, kinaburuta, kinaachia. Kwenye video ya dakika mbili inapendeza sana. Kazini, siku umehamisha dirisha au umebadilisha resolusheni ya skrini kinaburuta kitu kingine kabisa. Na tatizo kubwa zaidi, ambalo halisemwi kabisa kwenye hizo video, kishale kiko kimoja. Zungusha nobu mbili kwa pamoja, moja itasubiri nyingine. Umetengeneza boksi zuri la mbao, umelipaka na vanishi, ndani bado ni mausi.

Halafu kuna hili la nobu zenyewe, hapa ndio damu inanichemka. Watu wananunua Korg nanoKONTROL2, kontrola ya MIDI, waitumie na programu zinazosoma MIDI, kwa sababu ina nobu 8 na slaida 8 na bei ni ya kawaida. Zile nobu zina mwanzo na mwisho, zinatuma namba kuanzia 0 mpaka 127, na kila nobu inakumbuka mahali ilipo, sio mahali klipu yako ilipo. Klipu ya kwanza umeiacha nobu iko 90. Unaenda klipu ya pili ambayo thamani yake ni 64, unagusa nobu kidogo tu, picha inaruka mpaka 91. Kila klipu! Taimlaini ina klipu mia tatu! Tena 128 ni chache: slaida ya ekspoja yenye uwanja wa stopu 10 (stopu moja ni mwanga mara mbili) inapata karibu 0.08 ya stopu kwa kila hatua, na vidole haviwezi kusimama kwenye hatua moja ya nobu ndogo vile. Unachotaka ni enkoda, yaani nobu inayozunguka bila mwisho, kama zile 8 za Behringer X-Touch Mini, na uiweke kwenye hali ya kutuma mwendo badala ya mahali: kwenye mtindo mmoja unaotumika sana 1 ni hatua moja mbele, 127 ni hatua moja nyuma, basi. Programu inajumlisha pale ilipo, hakuna kuruka. Kwa Mac kuna programu ya CommandPost, ya bure, inaunganisha MIDI na programu ya kuediti ya Final Cut.

Na kwa mwenye Resolve anayetaka kuunga yake kihalali bila kuteka mausi, washa Printer Light Hotkeys kwenye menyu ya Color. Inageuza namba za pembeni za kiibodi kuwa hatua za nyekundu, kijani na buluu, juu na chini, utaratibu uliotoka maabara za filamu ambako kila rangi ilikuwa na pointi 1 mpaka 50 na katikati ni 25. Ukubwa wa hatua unaupanga mwenyewe kwenye setingi za projekti. Enkoda tatu, moja kwa kila rangi, kila moja inatuma namba mbili, ya juu na ya chini, na unazungusha zote kwa pamoja bila shida.

Je gredi inakuwa nzuri zaidi kwa sababu ya paneli? Hapo sina uhakika kama wauzaji walivyo na uhakika. Hoja ya jicho kuzoea naiamini, naiona kazini, lakini ukiniwekea klipu mbili zilizokamilika sidhani kama nitakutajia ipi imetoka kwenye mausi. Wapo watu wanagredi kwa kalamu ya tableti tu na kazi zao ni moto. Na kama monita yako haijakalibretiwa, yaani haijasahihishwa rangi zake, hiyo hela ipeleke huko kwanza, hapo sijadiliani na mtu.

Ukiamua kuunga, usianze na boksi. Anza na enkoda moja. Enkoda za kawaida aina ya EC11 zina mikato (vituo unavyovihisi kidoleni) 20 kwa mzunguko, kwenye kukata ni tamu kwa sababu kila mkato ni fremu moja, kwenye rangi ule mkato unakusimamisha mkono pasipotakiwa, kwa hiyo tafuta isiyo na mikato. Izungushe taratibu huku unaangalia skopu. Ikirudi hatua moja nyuma wakati unaipeleka mbele, weka kapasita au rekebisha kodi ya programu mpaka itulie, ndipo uunge ya pili.