Taasisi ya magonjwa ya mlipuko hufanya nini wakati hakuna mlipuko?

Swali hili naulizwa mara nyingi. Kazi yangu ni majaribio ya tiba, kwa hiyo jibu langu huanzia Afrika Magharibi.

Ebola ilipoenea huko mwaka 2014, dawa kadhaa za majaribio zilikuwepo. Kilichokosekana ni maandalizi: mipango ya utafiti haijaandikwa, kamati za maadili hazijaipitia, mikataba haijasainiwa. Miezi ikapita. Jaribio la ZMapp, dawa ya kingamwili, lilihitaji wagonjwa 200. Lilipoanza mwaka 2015 mlipuko ulikuwa unapungua, likapata 72. Waliopewa ZMapp walifariki asilimia 22, wasiopewa asilimia 37. Inatia moyo, lakini kwa idadi ndogo namna hiyo, tofauti hiyo huweza kuletwa na bahati tu. Watu zaidi ya 11,000 walifariki, nasi tukatoka bila kujua kwa hakika dawa ipi ingewafaa. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Sasa tazama Kongo. Mlipuko ulitangazwa mashariki mwa nchi Agosti 2018, na ilipofika Novemba jaribio lilikuwa limeanza, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, akiwa miongoni mwa viongozi wake. Kufikia Agosti 2019 jibu lilipatikana: dawa mbili mpya za kingamwili ziliokoa wagonjwa wengi kuliko ZMapp. Moja ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa mwaka 1995 mjini Kikwit, Kongo. Kwa waliopewa ZMapp, ile iliyotutia moyo, karibu nusu walifariki.

Ndiyo maana nang'ang'ania kura, yaani bahati nasibu iamue mgonjwa yupi apewe dawa ipi katika jaribio. Wengi huona ni ukatili mgonjwa kupangiwa dawa kwa kura, na nawaelewa. Lakini daktari akichagua mwenyewe, mara nyingi dawa mpya humpa aliye hoi zaidi, au anayeonekana atapona. Mwishoni huwezi kujua kama kilichofanya kazi ni dawa au ni hali ya mgonjwa tangu mwanzo. Kura huondoa upendeleo huo, nayo hupigwa pale tu ambapo kwa kweli hakuna anayejua tiba iliyo bora, na mgonjwa au ndugu zake wameridhia.

Wakati wa Uviko-19, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilichukua siku 9 tu tangu kuandikwa hadi kumpokea mgonjwa wa kwanza. Fomu zilikuwa fupi, za kujazwa na muuguzi mwenye wodi iliyofurika. Juni 2020 tukajua kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Hili la mwisho nalithamini sana, kwa sababu bila hilo tungewapa wote. Mmoja wa viongozi wa jaribio hilo, Peter Horby, baadaye akawa mkurugenzi wa taasisi ya Chuo Kikuu cha Oxford inayoshughulikia majanga ya aina hii.

Basi wakati wa utulivu tunaandika mipango yenye nafasi wazi ya jina la ugonjwa na jina la dawa. Tunaipeleka kwa kamati za maadili mapema, tunafundisha wauguzi, na tunasoma fomu za ridhaa pamoja na wananchi, kwa lugha yao, tukifuta kila neno linalowatisha bila sababu.