Adui wa Spider-Man 4: ya kijiweni na yaliyotokea

Vijiwe vya bodaboda pale Kabwe, jijini Mbeya, na vibanda umiza vya Mwanjelwa vimejaa wataalamu wa Spider-Man. Mada yao haiishi: ile ya nne ya Tobey Maguire, iliyopangiwa kutoka Mei 2011 na isitoke, adui wake angekuwa nani? Mjadala huohuo nimeukuta hadi Iringa mjini, na upotoshaji uleule.

"Ya nne ipo, mimi nimeiona."
Uliyoiona ni The Amazing Spider-Man ya 2012, ya Andrew Garfield, ambayo waweka muvi kwenye flashi wameibatiza namba nne. Hiyo ni hadithi iliyoanza upya. Ya nne ya Sam Raimi, mwongozaji wa zile tatu za Maguire, ilifutwa Januari 2010, kabla hawajaanza kurekodi.

"Ilifutwa kwa sababu ya tatu ilikula hasara."
Hasara ipi? Ya tatu, ya 2007, iliingiza karibu dola milioni 890 duniani, zaidi ya kila moja ya zile mbili za kwanza. Kilichoiua ya nne ni hadithi yenyewe. Raimi hakuridhika na mswada, tarehe ya kutoka ilishapangwa, akaona heri aiache kuliko kuilipua.

"Mwongozaji ndiye anayechagua adui."
Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, maana wanamlaumu Raimi kwa Venom, mmoja wa maadui wa ile ya tatu. Raimi alikulia kwenye vitabu vya katuni vya Spider-Man vya zamani, na maadui aliowapenda ni wa miaka ya 1960. Sandman ni wa enzi hizo, na angalia alivyotulia kwenye ile ya tatu: mwizi mwenye binti mgonjwa, unamwonea huruma hata anapobomoa mji. Venom alikuja kwenye vitabu mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliyemsukuma aingie ni prodyuza Avi Arad, kwa hoja kwamba mashabiki wanamtaka. Basi wakabanana Sandman, Harry Osborn (rafiki aliyegeuka adui) na Venom kwenye muvi moja, huyo wa mwisho akajitokeza karibu na tamati, akapigwa, kwisha. Baadaye Raimi alikiri kwamba hakuwaamini wahusika wake wote, na ukiitazama unaona wapi alikuwa anatimiza tu agizo.

"Kila sehemu, adui lazima awe na nguvu kuliko aliyepita."
Kijiwe kizima huangua kicheko ukiwaambia aliyeandaliwa kwa ya nne ni Vulture. Babu mwenye mabawa! Adrian Toomes, wa vitabuni tangu 1963, ni mzee fundi anayeruka kwa mitambo aliyoiunda mwenyewe, na John Malkovich ndiye aliyetajwa kumwigiza. Steringi atamwogopa kweli?

Atamwogopa. Mwaka 2017 Toomes alipata muvi yake, Spider-Man: Homecoming, akiigizwa na Michael Keaton. Sehemu inayotisha kuliko zote hana hata mabawa. Yuko kwenye gari, anawapeleka binti yake na Peter, yaani Spider-Man bila vazi lake, kwenye disko la shule, anamchungulia kijana kwa kioo, anauliza swali moja moja mpaka anaunganisha mambo. Ngumi hakuna. Huku kwetu mzee akikutazama hivyo kimya huku anatabasamu, unajua umekwisha. Kwangu mimi huyo anamzidi Venom mbali sana, kwa sababu anajua Peter anaishi wapi na anampenda nani.

"Wangemleta Thanos tu, yakaisha."
Wasingeweza. Sony walikuwa na haki za kumpeleka sinema Spider-Man na watu wa hadithi zake. Thanos, lile jitu la muvi za Avengers, alikuwa upande wa Marvel wenyewe, wenye vitabu hivyo, ambao Disney iliwanunua mwaka 2009. Pande hizo mbili zilikuja kukubaliana kushirikiana mwaka 2015.

"Mjusi alishaahidiwa."
Hii angalau ina sababu. Dylan Baker alimwigiza Dk. Curt Connors, mwalimu wa mkono mmoja, kwenye ya pili na ya tatu, na kila aliyesoma vitabu alijua huyo huishia kugeuka mjusi. Lakini kumwonyesha mtu si kumwahidi. Mjusi alipofika mwaka 2012, aliyemwigiza ni Rhys Ifans. Baker hakuambulia hata gamba moja.