Kwa nini hita ya maji hunguruma na kuvuja Malindi na Lamu?

Hita ya maji ikianza kunguruma, watu wa nyumbani huamua upesi: presha imezidi, tangi lataka kupasuka. Fundi akifungua na kutoa koili, yaani chuma cha kupashia maji, iliyovikwa gamba jeupe, uamuzi wa pili hufuata: ni chumvi ya kisimani. Huu wa pili ndio mgumu kuung'oa, maana maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi kweli na ulimi unashuhudia. Hata hivyo gamba lile si chumvi.

Chukua kipande chake kama ukucha, ukitie kwenye glasi ya maji. Chumvi ingeyeyuka ikapotea. Hiki utakikuta kesho vile vile. Kitoe, kidondoshee siki. Mara kitatoa viputo vidogo vidogo, na ukisogeza sikio utasikia vikipasuka. Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi, na ndiyo inayotambulisha kalisi kabonati, yaani chokaa, kitu kile kile kilichomo katika mawe ya matumbawe. Chumvi ukiitilia siki haitoi kiputo hata kimoja. Tena chumvi huyeyuka vizuri zaidi maji yakiwa moto, kwa hiyo haina sababu ya kuganda kwenye koili wakati tangi limejaa maji. Hubaki imeyeyuka na kutoka pamoja na maji ya kuoga. Chokaa ni kinyume chake: moto ndio unaoitoa majini.

Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya matumbawe ya kale. Nyumba za mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe hayo, na chokaa ya kupigia lipu ilipatikana kwa kuyachoma. Mvua huchukua kaboni dayoksaidi hewani na zaidi udongoni, ikawa asidi dhaifu, na inaposhuka huyeyusha jiwe kidogo kidogo. Kisimani maji hayo ni maangavu kabisa, ila sabuni haitoi povu. Ukiyapasha moto gesi hutoroka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka kwa msaada wake haiwezi tena kukaa majini. Huganda pale penye joto kali kuliko pote, nalo ni ganda la koili.

Sasa mngurumo. Tazama uji mzito jikoni: juu umetulia, lakini chini mvuke umenaswa, hauna njia, mwisho hujipenyeza kwa kishindo na kurusha matone. Gamba la chokaa hufanya kazi ya uji huo. Lina vitundu vingi vilivyojaa maji, na hupitisha joto kwa shida. Shaba hulipita zaidi ya mara 100. Joto la koili hurundikana chini yake, na maji yaliyonaswa mle huchemka hata kama tangi zima liko nyuzi 60 tu. Kinachotofautiana na uji ni mwisho wa kiputo. Kikitoka kwenye gamba hukutana na maji yasiyo moto vile, mvuke wake hurudi kuwa maji papo hapo, na kiputo hujifunga kwa ghafla. Viputo vingi vikijifunga kwa mfululizo ndani ya tangi la chuma, sauti ni kama lori kwa mbali. Presha yaweza kuwa ya kawaida kabisa.

Boila za gesi za Uingereza, zinazopasha nyumba nzima joto, hunguruma kwa njia hiyo hiyo. London nayo hupata maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa. Ila kule maji ya kupasha vyumba huzunguka yale yale, chokaa mpya haiingii ila kidogo, kwa hiyo matope ya kutu au pampu iliyochoka huweza kuwa ndiyo chanzo.

Kuvuja ni habari nyingine, na cha kwanza ni kuona tone linatoka wapi. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 hutanuka: tangi la lita 100 hupata karibu lita 1.4 zaidi. Ikiwa bomba la kuingilia lina valvu isiyoruhusu maji kurudi nyuma, ziada hiyo hudondoka kwenye valvu ya usalama wakati wa kupasha, na valvu iko kazini. Tafadhali usiizibe kamwe, hata kwa siku moja! Hapo ndipo tangi linaweza kupasuka kweli. Ikidondoka hata hita ikiwa baridi, huenda chokaa imekaa pale valvu inapofungia, au presha ya kuingilia ni kubwa. Maji yakitoka kwenye shingo ya koili, gasketi, yaani mpira wa kuzuia maji, imechoka. Yakitoka kwenye mwili wa tangi, kutu imetoboa, na hapa ndipo chumvi ya kisimani inapohusika: huharakisha kutu na kumaliza fimbo ya magnesiamu iliyowekwa iliwe badala ya tangi. Fimbo hiyo hubadilishwa, lakini ni wachache wanaoikumbuka kabla tangi halijatoboka.

Kusafisha si kugumu. Zima umeme kwenye swichi kuu, ngoja maji yapoe, mwaga tangi, fundi atoe koili na kuiloweka kwenye siki au asidi ya ndimu hadi viputo viishe, bila kuigonga kwa nyundo. Kuna wanaouza sumaku za kufunga kwenye paipu ili chokaa isigande. Majaribio yake yametoa majibu yanayopingana, kwa hiyo pesa hiyo ningeiweka kwenye gasketi na fimbo mpya. Kidhibiti joto kiache kwenye nyuzi 60. Ukipandisha, chokaa huganda zaidi. Ukishusha sana, bakteria wa lejionela, waletao ugonjwa wa mapafu, ambao husitawi kati ya nyuzi 20 na 45, hupata makao ndani ya tangi.