Je, wajua kwa nini Kisumu ya kale haionekani ukiitafuta kwa jina lake?

Kijana mmoja jirani yangu hapa Kondele, mtaa wa Kisumu, alipewa kazi ya shule: atafute picha za Kisumu za miaka mia moja na zaidi iliyopita. Akaingia saiba, akafungua mkusanyo wa kidijitali wa maktaba moja ya taifa huko ng'ambo, akaandika "Kisumu". Zikatoka picha chache, nyingi za juzijuzi. "Mzee, hawa watu hawatujui," akaniambia. Wanatujua sana, ila kwa majina ambayo sisi tulishayaacha.

Kisanduku cha kutafutia hakiangalii picha. Kinalinganisha herufi ulizoandika na maneno yaliyo kwenye katalogi, basi. Na mkutubi anapoingiza picha ya zamani huyanakili maelezo aliyoyakuta nyuma yake au chini yake, neno kwa neno, hata kama mpiga picha alikosea. Maelezo yale ni ushahidi wa wakati wake. Mkutubi makini akitaka kuongeza jina la leo, huliweka pembeni kama neno la kutafutia. Asipoliongeza, picha iliyoskaniwa mwaka huu hubaki imejificha ndani ya jina la 1901.

Mji huu nao umebatizwa zaidi ya mara moja. Reli ilipofika Ziwa Victoria Desemba 1901, kituo kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa mataruma. Na siku hiyo Kisumu ilikuwa Uganda! Mpaka wa Uganda ulikuwa umesogea mashariki hadi karibu na Naivasha, na Nakuru ikiwa ndani yake. Ni tarehe 1 Aprili 1902 ndipo eneo hili lilihamishiwa upande wa himaya ambayo mwaka 1920 ilipewa jina la Kenya. Kwa hiyo barua, ramani au picha ya kabla ya hapo ina kila sababu ya kuwekwa kwenye fungu la Uganda. Reli yenyewe iliitwa Reli ya Uganda, ingawa iliishia hapa gatini, na msafiri wa Entebbe akalazimika kupanda meli.

Halafu kuna Kavirondo. Wakoloni walilitumia jina hilo kwa Waluo na Waluhya kwa pamoja, wakawatenganisha kwa kusema Kavirondo wa Kinailoti na Kavirondo wa Kibantu. Ghuba ya Winam ikawa Ghuba ya Kavirondo. Wazee wengi hawalipendi jina hilo, nami silipendi, lakini ukitaka kumwona babu wa babu yako amesimama na mtumbwi wake, itabidi uliandike. Wa Mumias waandike "Kwa Mumia", kama misafara ilivyopaita mahali pa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Maktaba ya Congress kule Washington ina picha za mkusanyo wa mpiga picha Matson zilizopigwa huku mwaka 1936, na maelezo yake yanaanza na "Kenya Colony". Anayeandika jina la mtaa wake peke yake huenda asizifikie.

Kwa vitabu na magazeti kuna mtego mwingine. Ukurasa ukishaskaniwa ni picha tu, mpaka programu ya kusoma herufi iupitie na kuugeuza maandishi. Programu hizo nyingi zilifunzwa kwa lugha za Ulaya, basi ng' ya Kidholuo huitia kiwewe: mara huidondosha alama yake, mara huiona kama alama ya kufungia nukuu. Wino ukiwa umefifia, herufi m husomwa kama r na n zilizokaribiana.

Yule kijana nilimwambia ajaribu Port Florence, kisha Kavirondo, kisha Uganda akiweka ukomo wa mwaka 1902. Kwenye magazeti, nikamwambia, aandike pia "Kisurnu". Alicheka, akaandika.