Nyota kongwe zina nini ndani, na tunajuaje

Wanafunzi wa sekondari wakija idarani kwetu hapa Dar, swali linalorudi kila mara ni moja, nyinyi mnajuaje nyota ina chuma au haina wakati hakuna mtu aliyewahi kufika huko? Ni swali zuri sana, na jibu liko kwenye mwanga wenyewe.

Wenye jiko la gesi mmeshaona, maji ya chumvi ya wali yakifurika yakamwagikia moto, ule moto wa bluu unageuka njano palepale. Ile njano ni sodiamu ya kwenye chumvi, na sodiamu popote ilipo, iwe jikoni Mbagala au kwenye nyota, rangi yake ni ileile, mawimbi mawili yaliyokaribiana ya nanomita 589.0 na 589.6. Kila elementi ina alama zake. Chuma kina maelfu ya mistari, kalsiamu ina miwili mizito upande wa zambarau. Ila kwenye nyota inakuwa kinyume, mwanga unatoka ndani unapita kwenye gesi ya juu iliyopoa kiasi, ile gesi inanyonya rangi zake, kwa hiyo ukiutawanya mwanga kwa spektroskopu unaona upinde wa rangi wenye mistari myeusi, na upinde huo ndo tunauita spektra. Fraunhofer wa Ujerumani aliichora mistari ya jua mwaka 1814 bila kujua inatokana na nini, ni Kirchhoff na Bunsen ndo walikuja kuielewa karibu miaka 45 baadaye.

Sasa kwa nini tunahangaika na nyota zenye chuma kidogo? Kwa sababu ulimwengu ulianza na haidrojeni, heliamu na lithiamu kiduchu, basi. Kalsiamu ya mifupa yako, chuma cha damu yako, vyote vilipikwa ndani ya nyota zikalipuka zikavimwaga kwenye gesi, na gesi hiyo ikazaa nyota nyingine zenye navyo zaidi. Kwa hiyo nyota ikiwa navyo kidogo sana maana yake ilizaliwa mapema, kabla gesi haijachafuliwa.

Mwaka 2014 timu ya Australia ilitangaza nyota inayoitwa SMSS J0313-6708. Walitafuta mstari wa chuma kwenye spektra yake hawakuuona hata mmoja, yaani chuma chake ni chini ya sehemu moja ya milioni ya kile cha jua, lakini kaboni ipo, magnesiamu ipo, kalsiamu kidogo ipo. Hapo ndipo mimi napapenda, maana inaonyesha ile nyota ya kwanza iliyolipuka kabla yake haikulipuka kwa nguvu nyingi, vitu vyepesi vya juu vilitoka ila chuma cha katikati kikarudi kikamezwa na shimo jeusi. Mstari ambao haupo umetueleza kifo cha nyota ambayo hakuna atakayeiona tena.

Ila tahadhari, mstari kuwa mwembamba haitoshi kusema elementi ni chache, nyota ikiwa na joto kali mistari mingi inafifia hata kama chuma kipo, lazima ujue joto la nyota na nguvu yake ya mvutano kwanza ndo uhesabu.

Kuna nyota nyingine, HD 140283, iko kundi la Mizani, umbali wa kama miaka nuru 200, chuma chake takriban sehemu moja kati ya 250 ya cha jua. Mwezi Juni kwenye saa nne usiku inapita karibu kabisa na utosi wa Dar, kwa macho matupu huioni lakini kwa darubini ya mkono na anga la kipupwe kule Kisarawe mbali na taa unaipata. Zile habari mitandaoni kwamba ni kongwe kuliko ulimwengu zisikutishe, hesabu ya 2013 ilitoa miaka bilioni 14.5 lakini inaweza kukosea hadi bilioni 0.8 juu au chini, na ulimwengu una 13.8, kwa hiyo hakuna mgongano, na hesabu nyingine zinaipa kama 12.

Na kwa vijana wa fizikia, spektra nyingi za darubini kubwa ya VLT kule Chile ziko wazi mtandaoni kwenye hifadhi ya ESO, shirika la Ulaya linaloendesha darubini hiyo, kawaida mwaka mmoja baada ya kuchukuliwa, bure. Ukijua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na una bando, pakua spektra ya HD 140283 na ya jua, ziweke moja juu ya nyingine kwenye nanomita 393.4 uangalie kalsiamu, tofauti utaiona mwenyewe. Ukikwama kwenye kupima mistari njoo idarani tukae tuipime pamoja.