Je, wajua kwa nini picha ya brosha lazima ichapwe kubwa kuliko brosha yenyewe?

Brosha za safari zimetoka kwa mchapaji Arusha, rangi zimekolea, lakini pembeni mwa picha ya Mlima Kilimanjaro kuna mstari mweupe mwembamba kama uzi. Mara nyingi kosa si la mchapaji. Faili lilikosa blidi.

Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni kutoka damu. Kwenye uchapaji ni rangi inayovuka mpaka wa ukurasa, kisha hukatwa na kutupwa.

Kwa nini ichapwe ili itupwe? Mashine nyingi hazichapi hadi ukingoni. Zinahitaji pa kushikia karatasi. Kwa hiyo kazi huchapwa kwenye karatasi kubwa zaidi, kisha rundo zima hukatwa kwa mara moja. Karatasi za rundo huteleza kidogo chini ya kisu, hivyo ya juu na ya chini hazikatwi mahali pamoja kabisa. Picha ikiishia palepale pa kukatia, kisu kikikosea kwa nusu milimita tu, weupe unaonekana.

Kipimo cha kawaida ni milimita 3 kila upande. Brosha ya ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, huandaliwa kwa 154 kwa 216. Programu ya picha ya Photoshop haina sehemu ya kuweka blidi unapofungua faili jipya, kwa hiyo anza na ukurasa mkubwa: pikseli 1819 kwa 2551, kwa pikseli 300 kila inchi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuvuta muundo wote ufikie kipimo kipya. Upana huongezeka kwa asilimia 4 hivi na urefu kwa chini ya 3, kwa hiyo nyuso hutanuka, na namba ya simu iliyokuwa pembeni husogezwa kwenye kisu. Panua picha ya nyuma peke yake. Maandishi na nembo vibaki angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia. Fremu nyembamba kuzunguka ukurasa ni bora kuiacha kabisa: blidi haiwezi kuiokoa, maana upande mmoja utatoka mnene kuliko mwingine.

Tangazo la WhatsApp pekee halihitaji haya yote.

Kwenye Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, pakua PDF ya kuchapisha ukiwa umeweka tiki kwenye alama za kukatia na blidi. Kisha ifungue uangalie ukubwa wa ukurasa. Ukisoma 148 kwa 210, blidi haimo, usiitume.