Kugeuza hewa ukaa kuwa mafuta sio nishati ya bure

Kuna hii stori inazunguka miaka nenda rudi, eti watu washagundua kugeuza hewa ukaa kuwa mafuta ila kampuni kubwa zinaficha. Hakuna kilichofichwa jamani. Kule Iceland, sehemu inaitwa Svartsengi, kiwanda kilichopewa jina la mkemia George Olah kilifunguliwa 2012, kikawa kinachukua gesi hiyo kutoka kituo cha umeme wa jotoardhi, wanapasua maji kwa umeme wapate haidrojeni, halafu vyote viwili vinapitishwa kwenye kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali) kwa joto na presha, inatoka methanoli, aina ya pombe inayowaka kama mafuta.

Ishu ni huo umeme. Hewa ukaa ni kama majivu, cha kuungua kimeshaungua, kwahiyo ukitaka iwake tena lazima urudishe nishati yote iliyotoka na nyingine juu maana kuna inayopotea njiani, ndo maana wakajenga palipo na umeme wa jotoardhi.

Na mbolea ya urea je, si nayo inatengenezwa kwa hewa ukaa? Kweli, zile chembe nyeupe za dukani ni amonia na hewa ukaa hiyohiyo, teknolojia ya miaka ya 1920 (sio siri hata kidogo), ila ukishaimwaga shambani udongo ukiwa na unyevu inavunjika, na hiyo hewa ukaa inaanza kurudi hewani.